Redio ya Bei Ndani ya Sanduku

Mto ulimchukua mume wa jirani yangu mchana, jua likiwaka. Naanza hapo kwa sababu bila hiyo hakuna mtu angenipatia redio nichunge. Alikuwa anatoa mchanga pale mfereji wetu unapoanzia, pale maji ya mto yanaingia kuja kunywesha ndizi zetu huku Mitunguu. Huku chini hakukuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha juu, pande za Githongo, huko kwenye kahawa, na sisi hatukujua. Maji yalishuka yakamkuta ameinama. Tulimpata siku ya tatu, na beleshi lake hatukulipata.

Kikundi chetu cha maji kina sheria. Kila nyumba inatoa mwanaume mmoja kwa zamu ya kutoa mchanga, na ukitoka kazini kabla ya saa kumi unatozwa faini. Zamu ya nyumba yetu ni kila Alhamisi ya pili. Tangu tulipomzika yule jirani, kila Alhamisi ya pili nilikuwa namfungia mume wangu chakula huku nikiangalia mlima. Mlima ukivaa wingu asubuhi huwezi kujua kama ni nguo tu umevaa ama ni mvua. Nilikuwa naomba, naomba sana. Lakini mamangu, aliyenizaa kule Embu, alikuwa akituambia ukimwomba Mungu akukinge na nyoka, kata pia nyasi.

Nyasi yangu ilikatwa na mwalimu wa jioni. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikarudi nikiwa mama wa watoto wanne, kwa masomo ya ngumbaru pale ukumbi wa kanisa, jioni tatu kwa wiki. Mwalimu wetu mchana alikuwa anafundisha mambo ya umeme kwa chuo. Yeye na wanafunzi wake walipanda mtini juu ya mto, mbali huko, wakafunga kijisanduku kidogo cha umeme wa jua. Maji yakiwa chini, hicho kijisanduku kinatoa mlio mmoja hewani kila dakika kumi. Maji yakipanda, milio inakaribiana. Tangu milio ikaribiane mpaka maji yafike kwetu, alisema, ni kama nusu saa. Kilichobaki ni redio ya kusikia.

Akaleta mbili kwa mkutano wa kikundi. Hizi si redio kama ile ya babu yangu ya kuzungusha kifundo. Ndani yake ni kompyuta ndogo. Inameza mawimbi yote kwa pamoja, halafu programu ndiyo inachambua, vile sisi tunachambua maharagwe kwa uteo, huku mawe, huku chakula. Kwa kioo chake unaona mawimbi yakishuka kama mvua ya rangi, na kila stesheni ni mstari. Ukiiambia ikuamshe milio ya mtoni ikikaribiana, inalia kama saa ya kuamsha. Moja ilikuwa ya bei ya chini. Nyingine bei yake mwalimu aliisema kwa sauti ndogo, na wazee wakamwomba arudie.

"Kikundi kinunue moja," akasema. "Lakini kwanza mtu azisikilize zote mbili wiki tano, aandike ukweli."

Mwenyekiti akauliza ni nani huyo. Mwalimu akaninyoshea kidole mimi.

"Kitu kama hiki apewe mwanamke?" mwenyekiti akasema.

"Ama wewe utakaa nyumbani kutwa uisikilize, mzee?" mwalimu akamuuliza.

Watu wakacheka. Mwalimu akasema, "Huyu mama akikosea hesabu anafuta, halafu anaandika pembeni kwamba amefuta." Basi nikapewa. Nyumba yetu pia iko juu ya mgongo wa kilima, mto uko chini yake, na kwa mti wetu wa mukima kulikuwa kunaning'inia rimu ya lori ya kugonga ikiwa kuna moto ama kifo. Redio ikilia, nigonge rimu. Wanaume wakisikia rimu, watoke mtoni. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na wote waliitikia.

Wiki ya kwanza niliziweka mezani barazani, moja huku, nyingine huku. Ile ya bei ya chini ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama kipande cha sabuni kimebaki. Ile ya bei ilikuwa chuma kitupu, nzito kama Biblia ya madhabahuni. Mume wangu alizipatia majina siku hiyo hiyo. Ile ya chuma ilikuwa imenyamaza kabisa, mlio mmoja, dakika kumi, mlio mmoja. Akasema, "Huyu ni Askofu. Hafungui mdomo mpaka kuwe na neno." Ile ya plastiki ilikuwa haina pumziko. "Na huyu ni Chiriku."

Daftari ninalo mpaka leo. Niliandika kwamba Chiriku moto wake wa betri unaisha saa tisa mchana na Askofu anafika asubuhi ya pili. Kwamba kioo cha Chiriku juani hakisomeki, mpaka nikifunike na leso kama mtu anayepiga picha. Kwamba Chiriku anapata joto mgongoni. Na kuna mhubiri wa stesheni moja ya mjini ambaye sauti yake inafika kwetu na nguvu sana. Kwa Askofu, huyo mhubiri alikuwa mahali pake pamoja tu. Kwa Chiriku nilimkuta sehemu tano, anahubiri mahali hata hakuna stesheni. Hiyo ilinisumbua. Mimi najua ni Mungu peke yake aliye kila mahali.

Chiriku pia alikuwa anasikia pikipiki ikipanda mlima. Anasikia kinu cha posho. Na pale sokoni kuna fundi wa kuchomea vyuma, akianza tu kuchoma mlango wa mtu, Chiriku anashtuka kama ameona chui. Lakini wiki hiyo ya kwanza sikuhangaika, kwa sababu Chiriku akishtuka naangalia Askofu. Askofu akiwa ametulia, mimi pia natulia, naendelea kumenya ndizi.

Jumamosi mwenyekiti akaja na wazee wawili kunywa chai. Alipoona Askofu yuko mezani barazani, kikombe kikasimama mkononi.

"Mama, hiki kitu kinalala hapa?"

"Kinalala ndani, mzee. Mchana kiko hapa."

"Njia ya watu ni hapo tu. Kikiibiwa, wewe utalipa na nini, na kuku?"

Mume wangu akasema tutaweka kwa sanduku. Kila mtu akaona ni neno la busara, hata mimi. Na nyumba gani huku kwetu inaacha kitu cha bei wazi? Vikombe vizuri viko kabatini, tunakunywa kwa vile vimepasuka. Blanketi ya harusi sijawahi kujifunika. Nina sanduku la chuma chini ya kitanda, la tangu niolewe, lina kufuli mbili. Nikamtandikia Askofu kitambaa nilichoshona mwenyewe, nikamlaza juu ya blanketi, nikamwacha akiwa amewashwa na sauti juu kabisa, ili akilia nimsikie. Nilifikiri simu inalia hata ukiwa umeifungia wapi. Nikafunga kufuli zote mbili, ufunguo nikaufunga kwa pindo la leso. Chiriku nikamtundika kwa msumari jikoni, kwa moshi, kwa sababu hata akiibiwa si neno.

Tangu siku hiyo Askofu hakulia tena mchana. Jioni nikimtoa kuandika alikuwa anatoa mlio wake mmoja, namwambia asante, namrudisha. Mwalimu naye alikuwa ameenda Embu kusimamia mitihani, hata masomo yalisimama. Nikaandika kwa daftari: Askofu mchana hasikii kitu.

Wiki ya pili, siku ya zamu ya watu wengine, Chiriku akalia. Milio imekaribiana kweli kweli. Nikaenda chumbani, nikasikiliza mfuniko wa sanduku. Kimya. Nikajiambia Askofu ni kiziwi, si ndivyo nimeandika? Nikakimbia kwa rimu nikagonga. Wanaume saba wakapanda juu na matope mpaka kiunoni, wakakaa kwa mawe wakingoja maji. Maji hayakuja. Ilikuwa ni fundi, anachoma geti ya shule.

Wiki ya tatu tena. Nikagonga tena. Sijui mpaka leo siku hiyo ilikuwa ni nini. Wakapanda, wakangoja mpaka matope yakakauka miguuni. Mmoja akasema, "Mama Redio, kama ni chai ulitaka tukunywe, si ungesema." Mwingine akasema mimi ni nabii, ila wa mvua ya mwaka ujao. Mume wangu alikuwepo siku hiyo, ilikuwa Alhamisi yetu. Hakucheka, lakini jioni akila hakuniangalia.

"Baba watoto, wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nasema wale wamechoka."

"Wewe nakuuliza. Nikigonga, utatoka?"

"Mimi nitatoka."

"Hata kama ni mara ngapi."

"Mama, nimesema nitatoka. Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Na nikalishika hilo neno kama ahadi ya kanisani, ingawa lilisemwa na mdomo umejaa githeri.

Halafu ikafika Alhamisi yetu nyingine, ya mwisho kabla mwalimu arudi. Asubuhi mlima ulikuwa umefunikwa kabisa, mpaka chini, rangi ya mabati. Huku kwetu jua. Ndizi hazikuwa zinatingisha jani. Nilikumbuka siku ya jirani ilikuwa hivi hivi, hewa imekaza kama ngozi ya ngoma. Nikamfungia chakula, akavaa gambuti, akashuka na wenzake watano.

Saa nane na dakika chache Chiriku akalia jikoni.

Nilisimama. Nikasikiliza nje kwanza, na nikamsikia fundi sokoni. Ile sauti ya chuma ikichomwa inafika mpaka kwetu, zii, zii. Basi ni yeye. Nikarudi nikakaa. Chiriku anaendelea. Nikafikiria wale wanaume wakipanda tena mara ya tatu, na mume wangu katikati yao, na lile neno nabii. Nikasema Bwana, nionyeshe. Nilikaa hapo kwa kigoda nikingoja kuonyeshwa, mikono imejaa unga, pengine dakika tano, pengine kumi. Hiyo sikuandika kwa daftari kwa sababu sikuangalia saa. Ndiyo kitu pekee sikuandika.

Halafu nikasimama tu, si kwa sababu nimesikia sauti yoyote. Niliona niende kumwangalia Askofu kwa macho, nihakikishe ni kiziwi, ndio nirudi kwa unga wangu na roho imetulia. Nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikafungua kufuli ya kwanza, ya pili. Kimya ndani. Nikainua mfuniko.

Askofu akalia wakati huo huo. Mfuniko haukuwa umefika juu, na alikuwa analia, chini ya kile kitambaa changu, kwa nguvu yote niliyomwekea mwenyewe. Nikateremsha mfuniko bila kujua nafanya nini. Akanyamaza. Nikainua. Akalia.

Sikumbuki kufika kwa rimu. Nakumbuka kugonga, na chuma kikinirudisha mkono. Niliwaona chini huko, wadogo, wameinama. Mmoja akainua kichwa, akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Wakarudi kuinama. Nikagonga. Halafu mmoja akaweka beleshi begani, akaanza kupanda, peke yake, pole pole, na nilimjua kwa jinsi anavyoburuta mguu wa kushoto. Alifika kwa mawe, akasimama, akageuka kuwaita. Sikuweza kusikia anachosema. Baadaye aliniambia alisema, "Tokeni tu, tukanywe chai ya bibi yangu." Watatu wakatoka wakicheka. Wa nne akafuata. Wa tano, kijana wa binamu yake, alikuwa anataka kumaliza mchanga wa mwisho.

Kwanza ilikuwa ni harufu, hata juu kwetu, harufu ya udongo mpya na majani. Halafu mto ukaongeza sauti. Maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, na mti mzima mbele yake, mizizi juu. Mume wangu alimshika yule wa tano na mshipi wa suruali, akamvuta, na maji yakachukua gambuti za huyo kijana zote mbili kama mtu anamvua soksi. Beleshi, toroli, mbao za mlango wa mfereji, vyote vikaenda. Wale watu sita walikaa kwa mawe. Waliangalia mpaka maji yakaanza kushuka.

Jioni nikampigia mwalimu simu huko Embu. Nikamwambia yote. Akauliza kitu kimoja tu.

"Askofu ulikuwa umemweka wapi?"

"Kwa sanduku."

"Sanduku la mbao?"

"La chuma."

Halafu akanieleza pole pole, vile alikuwa anatueleza hesabu za sehemu. Simu mnara wake uko hapo kilimani, unapiga kelele, sauti inapenya kwa kila ufa. Kile kijisanduku cha mtoni kinanong'ona kutoka mbali, na chuma kinaziba mnong'ono. Chiriku anashtuka ovyo kwa sababu hana mlango, kila mtu anaingia, mhubiri, fundi, pikipiki. Askofu ana mlango, anawafungia hao nje, anabaki na mto. Ndiyo bei yake hiyo. "Na wewe, mama," akasema, "ulimfungia mto nje pia."

Nililia kidogo, simu nikiwa nimeiweka mbali.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilisoma daftari lote, tangu siku ya kwanza. Nikasoma ya sanduku. Nikasema ni mimi nilifunga, na ni mimi nilikaa kwa kigoda. Nikasema tena kitu ambacho niliona ndicho kikubwa: siku hiyo Chiriku alilia, ni kweli, lakini fundi pia alikuwa anachoma. Sijui kama Chiriku alisikia mto ama alisikia fundi. Hakuna mtu anaweza kujua. Askofu alipoinuliwa tu mfuniko alijua.

Wakapiga makofi. Halafu mwenyekiti akasimama akasema, "Kwa hivyo aliyelia kwanza ni Chiriku."

"Mzee, nimesema—"

"Tumesikia mama. Umesema vizuri. Lakini sasa unataka kitu cha bei ile kikae mezani nje, mchana kutwa?"

"Ndiyo. Kikiwa ndani ya chuma hakisikii."

"Kikiwa nje kitaibiwa, na kikiibiwa pia hakisikii."

Watu wakacheka, na hata mimi najua njia yetu na wanaopita hapo. Nikasema basi tukijengee kibanda cha mbao kwa mukima, na kufuli. Mmoja akasema mbao inavunjwa na teke. Yule mjane jirani yangu peke yake ndiye aliyeinua mkono na mimi. Kikundi kikanunua Chiriku tatu, na pesa ikabaki ya mlango mpya wa mfereji. Mwalimu alikuja kuchukua Askofu wake. Alimfunga kwa kile kitambaa changu, nilimwambia aende nacho.

Hiyo sasa ni miezi mingi. Chiriku mmoja ameshakufa kwa joto, wawili wako kwa misumari jikoni. Kwa wiki wanalia mara nne, mara tano. Niliamua kitu siku ile ya mkutano nikirudi nyumbani: sitasikiliza fundi kwanza. Chiriku akilia, nagonga. Sikai tena kwa kigoda kumwomba Mungu anionyeshe kitu ambacho masikio yangu yamesikia. Wanaume wamezoea. Wanainua kichwa, wanapunga, wanainama. Wengine siku hizi hata hawainui. Anayetoka ni mmoja. Anapanda na mguu wake wa kushoto, anakaa kwa jiwe, anakwangua beleshi na kijiti, anangoja nusu saa, anashuka. Mara tatu kikundi kimemtoza faini ya kutoka kazini. Amelipa, hajaniambia ni ngapi.

Jana jioni alikuwa anavua viatu mlangoni, akasema bila kuniangalia, "Mama, kesho kama unasikia fundi anachoma, si uache tu."

Nilikuwa napakua. Nikampa sahani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

"Nasema nitagonga. Na wewe ulisema utatoka."

Akala. Alipomaliza akasema, "Haya."

Leo ni Alhamisi yetu. Naandika hii mezani barazani, pale Askofu alikuwa anakaa. Mlima umefunikwa mpaka chini tangu asubuhi, na huku jua ni kali, kuku wamelala chini ya mukima na midomo wazi. Fundi anachoma tangu saa nne, kuna mtu anajengewa dirisha. Wako watano chini huko na mume wangu wa sita. Chiriku amelia mara mbili, nimegonga mara mbili, mume wangu ametoka mara mbili, na mara ya pili alikaa kwa jiwe muda mfupi kuliko ya kwanza, nilihesabu.

Sasa Chiriku analia tena. Naweka kalamu chini.